Usaili wa Malkia wa Kahawa

Kuchagua wimbo wa usaili kuliushinda ukoo mzima. Kule Mbinga walitafuta waimbaji wa igizo la nyimbo juu ya kahawa, na mimi, binti wa Lundo, kando ya ziwa, niliyekulia kwenye kuanika usipa, wale dagaa wetu, niliitaka nafasi ya Malkia wa Kahawa. Niliitaka mpaka chakula hakipiti.

Tangazo lilisema wimbo wowote. Hilo "wowote" ndilo lililotuponza. Mjomba, ambaye ni katekista, alipendekeza ule wa kumpokea askofu, beti zote. Jirani yetu mwenye duka, mzee mwenye asili ya pwani, alisema bila mapenzi hakuna wimbo, akaanza kunifundisha kulegeza macho mpaka mama akamkatiza kwa kuuliza bei ya sukari. Mama mwenyewe alitaka wimbo wa msiba.

"Wakishalia, mwanangu, watakunyima vipi?"

Nikachagua wa Pasaka. Nikaufanyia mazoezi jikoni pamoja na mdogo wangu, na nyumba nzima ikatupigia makofi.

Mdogo wangu huyo ndiye aliyenisindikiza Mbinga, kazi yake kunishikia mkoba. Maigizo aliyaita mambo ya watu wasio na shamba.

Mbele ya wasaili nikaanza kwa nguvu zangu zote. Wakatazamana.

"Dada," mwenyekiti wao akasema, "wimbo wenyewe uko wapi?"

Ndipo nikaelewa. Tangu utotoni mimi ni sauti ya pili kwenye kwaya. Nyimbo zote nazijua, ila kwa upande wangu tu. Ule upande ambao watu huutambua huwa anauimba mdogo wangu. Nikaendelea hivyo hivyo, nikijibu maswali ambayo hakuna aliyeyauliza.

Mdogo wangu hakuvumilia. Kwenye benchi la mlangoni, mkoba wangu mapajani, akaingia na sauti ya kwanza, ukumbi ukajaa. Nilimpenda sana wakati ule.

"Wewe binti wa mkoba," mwenyekiti akamwita, "hebu njoo uimbe."

"Mimi nimemsindikiza dada tu."

"Njoo."

Akanipa mkoba, akaenda kuimba. Mimi benchini mdomo ukafunguka wenyewe, nikaingia na sauti ya pili.

"Dada, wewe umeshamaliza," mwenyekiti akasema. "Tuachie."

Nikafunga mdomo, nikaukumbatia mkoba kwa hasira. Mdogo wangu akaimba peke yake mpaka mwisho, na wimbo haukupungukiwa na chochote.