Mapigo ya Moyo wa Leticia

Mwanafunzi wangu aliongoza darasa zima kwa mazoezi huku amekaa kwenye dawati.

Sitanii. Na mimi ndiye niliyemwadhibu kwa hilo.

Naitwa Edna. Kwetu ni Kahama, ajira ndiyo iliyonileta Songea. Nafundisha Baiolojia na michezo kwenye sekondari moja ya hapa mjini, jina naliacha.

Mwaka jana ulikuja mradi wa afya ya vijana. Walisema watoto wa siku hizi wanakaa mno, hawatoki jasho. Wakatuletea saa arobaini za mkononi kwa ajili ya kidato cha pili. Zinahesabu hatua, zinapima na mapigo ya moyo.

Wanafunzi hawaruhusiwi simu, kwa hiyo saa zote zilisoma kwenye aplikesheni ndani ya simu yangu.

Moyo wako ukienda mbio, unaandikiwa dakika za mazoezi. Mwenye dakika nyingi mwisho wa muhula anapata raba mpya za michezo.

Ujanja ukaanza hapohapo. Wiki ya kwanza tu nilimkamata Ramson kaifunga saa yake shingoni mwa mbwa wa mlinzi.

Kwa hiyo wiki ya tatu, jina la Leticia lilipokaa juu kabisa, nikajua napigwa changa la macho.

Leticia alikuwa binti mwembamba, mpole, anaishi Mfaranyaki na bibi yake, Walburga, muuza maharage. Hatua zake zilikuwa chache kuliko za wenzake wote.

Ila dakika za mazoezi anazo. Kwenye kipindi cha Hisabati anazo. Jumapili akiwa kanisani anazo. Hata akiwa amelala.

Nikamwita ofisini, nikamuuliza hiyo saa huwa anamvalisha nani.

"Simpi mtu, Madam. Moyo wangu huwa unakimbia wenyewe."

Nilicheka. Mimi, mwalimu wa Baiolojia.

Nikamwambia baada ya vipindi abaki uwanjani, azunguke mara sita mbele ya macho yangu. Akasema magoti yanamuuma tangu juzi. Nikamjibu kamba hiyo akamfunge mtu mwingine.

Wenzake walishaondoka. Tukabaki mimi na yeye.

Mzunguko wa kwanza alikimbia. Wa pili akawa anatembea, nikampigia filimbi. Wa tatu akasimama, akashika kifua, akakaa taratibu kama mtu anayetafuta kitu kwenye majani.

Kisha akalala.

Simu yangu ikalia mkononi. Nikatazama kioo.

Hongera! Leticia amefikisha lengo la leo.

Nilimpakia kwenye bajaji hadi hospitali. Daktari akanieleza kuwa valvu za moyo zimeharibika, na kwamba ugonjwa wa namna hiyo mara nyingi huanza na maumivu ya koo ya utotoni yasiyotibiwa vizuri. Hata yale magoti ni ugonjwa huohuo.

Nikampa simu aone. Akaperuzi rekodi za mapigo, siku baada ya siku.

"Hii ulikuwa unaiona tangu lini?"

"Wiki tatu," nikasema.

Akanirudishia simu, akarudi kwa mgonjwa.

Leticia alilazwa siku kumi na moja. Rufaa ya kwenda Dar ilikuwa iwe Jumanne. Jumatatu asubuhi akafariki.

Mkuu wa shule aliponihoji, nilisema niliona kwenye aplikesheni mapigo yake hayako sawa, nikamwahisha hospitali. Habari ya kumkimbiza niliimeza.

Watu wa mradi wakaipenda hiyo hadithi. Wakaandika kuwa saa ilimgundua mgonjwa, na mwalimu akachukua hatua. Wakanipa cheti. Nilikipokea, na picha nikapiga.

Msibani, bibi Walburga alinishika mikono mbele ya wanajumuiya wote, akanishukuru kwa kuugundua ugonjwa wa mjukuu wake. Watu wakatikisa vichwa kwa heshima.

Nikainama tu.

Nimeishi hivyo miezi saba. Wiki iliyopita uzalendo ukanishinda, nikaenda Mfaranyaki mchana. Nikamkuta barazani anachambua maharage. Nikamwamkia shikamoo, akaniitikia, akanisogezea kigoda.

Nikamweleza yote. Uwanja, filimbi, magoti. Mikono yake haikuacha kuchambua.

Nilipomaliza akasema, "Leticia aliniambia. Siku ileile, wodini."

Nikamuuliza, sasa kwa nini alinishukuru msibani.

"Nilitaka ukatae mbele ya watu. Ukanyamaza. Nikasema huyu ni mwalimu, atakuja mwenyewe." Akatupa jiwe dogo nje ya ungo. "Miezi saba, mwanangu."

Nikapiga magoti kuomba msamaha. Akaniambia anamwomba Mungu kila siku ampe huo msamaha ili na yeye anipe, lakini bado hajaupata. Akaniomba niondoke.

Niliondoka. Cheti nimekirudisha shuleni na barua yenye ukweli wote. Litakalonikuta na linikute.

Wazazi, walimu wenzangu, saa hazina kosa. Zangu zilisema kweli kila siku, na mtoto pia alisema kweli. Muongo alikuwa mmoja.

Mtoto akikwambia anaumwa, mwamini kwanza. Ikitokea alikudanganya, utakuwa umepata hasara ndogo sana.