Mwenye Gari wa Zamani

Mshona mapazia hakujijua kuwa ana wivu mpaka mumewe aliponunua gari.

Mumewe alikuwa kinyozi, na kinyozi wa kweli, mwenye mdomo. Mtu hakai kwenye kiti chake akaondoka bila hadithi. Ila maneno hayo yote yaliishia kazini. Jioni akirudi nyumbani alikuwa kama redio iliyoishiwa betri: anakula, anajibu "ndiyo" na "hapana", anageukia ukutani, analala. Mkewe alikwisha kumzoea. Alisema moyoni kwamba ndivyo wanaume wanavyokuwa wakishakaa sana ndani ya ndoa, akaendelea kukanyaga cherehani yake.

Gari lenyewe lilikuwa dogo, la kijivu, limetumika mpaka usukani umeng'aa. Kinyozi alilinunua kwa nesi mmoja aliyehamishiwa hospitali ya mji wa mbali. Nesi alikuwa mkweli. Alisema gari hili lina vituko vyake, likikusumbua nipigie simu, mimi nalijua kama mwanangu.

Likasumbua. Asubuhi haliwaki mpaka libembelezwe, mlango wa nyuma haufunguki mpaka upigwe kiganja mahali fulani. Kila likinuna, kinyozi alitoka uani na simu sikioni. Mkewe, akiwa dirishani na kitambaa mapajani, alisikia mumewe akicheka, kile kicheko cha kuinama na kushika magoti ambacho hakukisikia tangu enzi za uchumba. Baadaye gari likatulia, lakini simu hazikutulia.

"Leo nalo limekuwaje?" alimuuliza siku moja.

"Nani?"

"Gari. Si ulikuwa unaongea na Nesi?"

"Aa, kidogo tu. Mambo ya oili."

Oili gani ya kuchekesha kiasi hicho, alijiuliza. Tangu siku hiyo kijiba kilimkaa rohoni.

Mdogo wake alipojifungua, wakakubaliana kwenda kumwona mtoto. Alimshonea mapazia mapya ya chumbani, akayakunja vizuri na kuyalaza kiti cha nyuma. Walipofika njia panda, kinyozi alikata kulia.

"Si tunakwenda kushoto?" aliuliza mkewe. "Kushoto ni karibu."

"Hii ina lami nzuri."

Mkewe alitazama lami. Ilikuwa na mashimo kama nyingine zote. Hapo akakumbuka huu ulikuwa upande wa mji aliohamishiwa Nesi.

Nje kidogo ya mji huo, mbele ya kiwanda cha matofali, mshale wa joto ukapanda wote, kikasikika kitu kimepasuka, na moshi mweupe ukafunika kioo. Kinyozi aliliegesha pembeni. Hata boneti hakufungua. Alitoa simu.

"Nesi! Bwana wee, limetukwamia... Hapa, kwenye matofali... Ndiyo, niko naye."

Hilo "niko naye" lilimchoma mkewe kuliko jua.

"Kumbe ndiyo maana ya lami nzuri," alisema.

"Mke wangu, sikiliza..."

"Nasikiliza sana. Nina masikio tangu siku ya kwanza ya oili."

Kinyozi alifungua boneti akajificha nyuma yake, akijifanya anakagua. Mkewe akakaa ndani milango ikiwa wazi, akipepea uso kwa kanga, akimchora Nesi kichwani. Alimtaka awe mzee. Alimtaka awe na sauti ya kukwaruza na meno yaliyopungua.

Nesi alikuja kwa pikipiki, bado na sare ya kazini na viatu vyeupe, mfuko umening'inia begani. Hakuwa mzee. Alikuwa rika lake, mrembo bila kujitesa, na meno yake yote yalikuwepo.

"Poleni jamani! Wifi, pole na safari."

"Wifi wa upande gani?" mshona mapazia alijibu. "Mume wangu hana dada."

Nesi akasita, mkono aliotaka kumpa ukabaki hewani, kisha akaupeleka kwenye paa la gari na kulipapasa. "Na wewe, umeanza tena?" akaliambia. Kinyozi akacheka. Mkewe akamkata jicho, kicheko kikakatika katikati.

Tatizo lilikuwa mpira wa juu wa rejeta, ule unaopitisha maji ya kupoza injini. Ulikuwa umepasuka kwa urefu. Nesi alikuwa nao mwingine mfukoni. Zamani alipotaka kuubadilisha alihangaika sana kuupata, alipoupata akanunua miwili. Wakangoja injini ipoe, kisha akainama. Kila alipohitaji kitu, kinyozi alikuwa amekwisha kumpa: bisibisi, kitambaa, koleo, bila kuambiwa. Mshona mapazia alisimama pembeni, amekunja mikono. Nyumbani mkasi ukianguka miguuni pa mtu huyu anauruka na kupita.

"Tutahitaji maji," Nesi alisema. "Mengi kidogo."

"Baba, kalete maji," mkewe aliamuru. "Kawaombe hao wa matofali. Usirudi haraka."

Kinyozi akawatazama mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayeacha moto karibu na nyasi, akaenda.

Mumewe akafika mbali. Kisha mshona mapazia akasema, "Dada, mimi sijui kuzunguka. Wewe na mume wangu mna nini?"

Nesi hakukasirika wala hakuapa. Alijifuta mikono polepole. "Hatuna cha kitandani, kama ndicho unachouliza. Tunaongea. Mwanzoni ilikuwa gari."

"Na sasa?"

"Sasa na mengine. Wateja wake, vituko vya huko kazini kwake. Mimi hapa sina ndugu, wifi... samahani, dada. Nikitoka wodini narudi kwenye chumba kimoja na ukuta. Simu ikilia nafurahi. Siwezi kukudanganya."

Mshona mapazia alikuwa amejiandaa kwa uongo. Uongo angeupasua kama kitambaa kibovu. Ukweli huu hakujua aushike wapi. Mwanamke huyu hakumwibia mume. Alikuwa anapewa maneno, na maneno ndiyo hasa aliyokuwa akiyangoja yeye kila jioni kando ya sahani. Aliona wivu kuliko kama angewafumania.

"Tena aliniambia mtapita leo," Nesi akaongeza kwa sauti ndogo. "Alisema likiharibika, afadhali liharibike karibu na mimi."

"Kumbe alijua litaharibika akanipakia hivyo hivyo!"

Nesi alishindwa kujizuia, akacheka. Mshona mapazia naye nusura acheke, akajizuia kwa nguvu.

"Hebu nipishe," alisema. "Nionyeshe mimi. Huu unaingiaje?"

"Utachafuka."

"Nionyeshe."

Nesi akamwonyesha: sukuma mpaka mwisho, vuta klipu ije mdomoni mwa mpira, kaza lakini usikaze kwa hasira, utaukata. Vidole vilivyozoea kupitisha uzi vikaelewa upesi. Akauliza habari ya kuwaka asubuhi, akaelezwa waya unaolegea na mahali pa kuugusa. Akauliza habari ya mlango, ya breki, ya mlio wa kwenye kona. Aliuliza kila kitu, asiache hata sababu moja ya mtu kupiga simu.

Kinyozi aliporudi na ndoo alimkuta mkewe amezama kwenye boneti, mikono myeusi hadi viwikoni.

"Jaza maji," mkewe alimwambia. "Taratibu. Na kuanzia leo gari likiugua, fundi ni mimi. Umesikia?"

"Nimesikia."

Gari likawaka. Nesi alisimama kando ya barabara na mfuko wake mtupu, akawapungia mkono. Mshona mapazia alimwambia asante, na aliimaanisha, ila hakumwambia karibu nyumbani.

Kiwanda cha matofali kikapotea nyuma yao.

"Ongea," mkewe akasema.

"Niongee nini?"

"Unayomwambia yeye."

Kinyozi akakohoa. Akaanza kumsimulia habari za mteja aliyesinzia kwenye kiti, akaota anafukuzwa, akatoka mbio kichwa kikiwa kimenyolewa nusu na kitambaa shingoni, wakamkamatia sokoni. Ilikuwa hadithi nzuri. Mkewe alitazama nje ya dirisha.

"Hiyo ulimsimulia Nesi?"

"Ndiyo."

"Alicheka?"

"Alicheka sana."

"Basi hiyo mpelekee yeye. Mimi nataka ambayo hajaisikia."

Kinyozi aliendesha muda mrefu, paji la uso limekunjamana, akitafuta. Vilima viwili vilipita. Mwishowe akasema kwamba kuna jambo hajawahi kumwambia mtu yeyote: mikono yake imeanza kutetemeka jioni akishika wembe, naye anaogopa. Ndiyo maana akifika nyumbani hana sauti.

Mkewe akageuka kutoka dirishani. Akaunyoosha mkono wake wenye grisi, akaushika wa mumewe juu ya gia, na hakuuachia mpaka walipoona paa la nyumba ya mdogo wake.