Ndiyo za Ubaruku

Evarista Kalinga amechoka, na asikudanganye mtu kwamba kuuliza maswali si kazi. Miaka kumi na tisa anazunguka na fomu za taasisi moja ya Iringa inayochunguza teknolojia mpya na usalama wa nchi. Wasomi huandika sera ofisini; yeye ndiye hutumwa vumbini kuuliza wananchi wanaonaje. Laini za simu kaulizia, kamera za barabarani kaulizia, alama za vidole kaulizia. Siku hizi magoti yanamlaumu kila akishuka kwenye gari.

Lakini sifa yake anayo, tusimnyime. Wenzake hufika, wakauliza mlangoni, wakaondoka. Evarista haulizi mtu kabla hajakaa. Anasalimia kwa Kihehe, kamwene, anaulizia watoto na ng'ombe, anakula wali wa mwenyeji mpaka anawe mikono, ndipo anafungua fomu. Dokta Tadeo, mkuu wake, huwaambia wageni wote wa kazi wajifunze kwa dada Evarista.

Mwaka huu swali lilikuwa la droni. Kuna pendekezo kwamba droni zote za watu na vyama zisiruke mpaka zipate kibali cha usalama kutoka juu, maana inayoruka shambani leo, kesho yaweza kupiga picha kambi ya jeshi. Na kibali cha juu tunakijua: unaomba wakati wa kupanda, unajibiwa watu wameshavuna. Evarista akaenda Ubaruku, akauliza wakulima sitini wa mpunga kama wanakubali. Hamsini na saba wakasema ndiyo. Ripoti ikaandikwa, iende Dodoma Jumatatu.

Siku chache kabla, akarudishwa Ubaruku kuchukua namba za simu, kitu walichokisahau wenyewe waliotunga fomu. Akamkuta mama Sabina, mjane wa miaka sitini na kitu, yuko shambani anapiga debe mpaka mkono umekufa ganzi. Ndege wa kwelea kwelea walikuwa wameushukia mpunga kama harusi ya bure. Droni ya chama chao iliyokuwa ikiwafukuza imeharibika siku mbili tu, alisema, na hali ndiyo hiyo. Bila droni hana mavuno. Akamwomba Evarista, kwa kuwa yuko karibu na wakubwa, awasihi wasije wakaifungia.

Evarista akaichomoa fomu ya mama huyo. "Lakini mama, si nilikuuliza? Ukasema unakubali."

Mama Sabina akashusha debe. "Mwanangu, ulikuwa umekula kwangu. Nikulishe halafu nikubishie?"

Jamani, aibu. Mtu wa nje angesamehewa, lakini huyu ni Mhehe wa jirani, kalelewa hivyo hivyo: mgeni akishakula kwako, analosema unaitikia. Mwenyewe amewahi kuitikia mengi ya ovyo kwa wageni wa mama yake. Kilichomuuma zaidi hakikuwa droni. Zile ndiyo za laini, zile ndiyo za kamera, zote alizikusanya akiwa ameshiba.

Akampigia Dokta Tadeo, akamweleza yote bila kumung'unya maneno.  Dokta akasema kwa upole kwamba wakizitupa fomu hizi, wakubwa watauliza na za zamani, na yeye hataweza kumtetea mkataba ukiisha.

"Nipe siku tatu," Evarista akasema. "Mkataba tutauzika baadaye."

Akaanza upya, nyumba kwa nyumba. Safari hii alisimama nje, akasema mapema kwamba hakai wala hali. Wengine walidhani anaumwa. Wengine waliulizana kimyakimya wamemkosea nini. Kwa mama Sabina chakula kilikuwa tayari kimefunikwa mkekani, wali na samaki, na maji ya kunawa yanamsubiri. Evarista alitamani kulia. Akakataa, akasoma swali akiwa amesimama.

Mama Sabina alimtazama kama anavyotazamwa karani wa ushuru. "Hapana," akasema. "Sikubali." Akachukua sahani zake, akaingia ndani.

Kufikia siku ya tatu, watu hamsini na wanne walikuwa wamesema hapana. Kwa watu wa Ubaruku mgeni husindikizwa mpaka barabarani, hata awe amekuja kudai. Evarista alitembea peke yake mpaka kwenye gari, fomu sitini kifuani, na hakuna aliyetoka.