Matroni Aliyezima Taa za Opera ya Roki

Kengele ya bweni la wasichana imekufa tangu muhula uliopita na hakuna aliyejisumbua kuitengeneza. Ya nini? Matroni anasimama mwanzo wa korido, anashika kiuno, anavuta pumzi ndefu, kisha anatoa neno moja: "Amkeni!"

Vitanda vya chuma vinalia. Ndoo zinagongana. Ghorofa ya juu, msichana aliyejifunika shuka hadi utosini anakaa kitako kabla hajafumbua macho. Mlinzi wa geti, aliye ng'ambo ya uwanja wa mpira wa pete na ambaye hakuna aliyemwita, naye anaamka.

"Wewe wa dirishani, huo ni usingizi au umeajiriwa?" Matroni anauliza akipita katikati ya vitanda. "Na wewe, hiyo sketi ishushe, mwanangu. Onyesho halijaanza."

Ana miaka hamsini na mitatu. Ni mfupi, mabega mapana, na gauni lake la kijivu lina mifuko miwili, mmoja wa funguo na mwingine wa pipi za koo. Kwa miaka kumi na mmoja amepima homa, amefuta machozi ya wageni wa kidato cha kwanza na amenasa simu zilizofichwa ndani ya mikate. Muda wote huo ameishi katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya chumba cha kufulia, ndani ya uzio wa shule.

Jumamosi mchana, mama huyo huyo huvaa koti la ngozi lililopasuka kwapani, hupakwa rangi nyeusi kuzunguka macho, na kupanda jukwaani kuwa Malkia wa Umeme.

Hilo la pili ndilo lililomfikisha mbele ya bodi ya shule.

Kundi lake linaitwa Santuri Nzima. Makao yake ni ghala la zamani la magodoro, kati ya gereji na duka la kukata vioo. Kuta bado zimebandikwa sponji, jambo linalosaidia sana sauti na pia wasanii wanaohitaji kuegemea. Ngoma hupigwa na fundi wa kunyoosha bodi za magari, ambaye hajaona tofauti kubwa kati ya kazi zake mbili. Gitaa la besi ni la mkata vioo. Gitaa la kwanza ni la karani mmoja wa kodi, na hatutaeleza zaidi, kwa kuwa wakubwa zake nao husoma magazeti.

Kazi ya kundi ni moja: kuigiza opera za roki na albamu zinazosimulia kisa kimoja, kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, bila kuruka hata mmoja.

"Albamu siyo kapu la nyanya, uchague nzuri uache nyingine," anasema kiongozi wa kundi, fundi redio mstaafu ambaye kila mtu humwita Kanda. "Kwenye hii ya Malkia kuna wimbo wa nne. Mrefu, mzito, haumaliziki. Watu wanauchukia. Mimi mwenyewe nauchukia, na niliutunga. Tunaupiga wote."

Nyimbo za upande wa kwanza zikiisha, Kanda hutoka na santuri ya mbao yenye ukubwa wa meza ya chakula, akaigeuza polepole mbele ya watu, na ukumbi mzima hunyamaza kama mazishini. Kisha upande wa pili huanza. Ndivyo wanavyofanya siku zote, na mtazamaji akipiga makofi wakati santuri inageuzwa, hutazamwa hadi ajute.

Wana sheria nyingine, na hii ndiyo iliyoleta balaa. Jukwaani hakuna kumsahihisha mwenzako. Mwimbaji akikosea neno, wote wanalifuata kosa, kana kwamba liliandikwa hivyo tangu zamani.

Matroni hakuomba kuingia. Miaka mitatu iliyopita Kanda aliitwa shuleni kutengeneza spika za ukumbi wa mikutano. Alikuwa amepiga magoti katikati ya nyaya aliposikia sauti ikipita juu ya uwanja kumgombeza msichana aliyeanika soksi kwenye ua la mkuu wa shule.

"Nilidhani spika imepona yenyewe," anasema Kanda. "Nikatazama plagi, iko nje. Nikasema, ah, hapa kuna mtu."

Aliifuata sauti hadi chumba cha kufulia. Mapokezi hayakuwa mazuri.

"Nilimwambia, 'Baba, hii ni shule ya wasichana, rudi kwenye nyaya zako,'" Matroni anasimulia. "Akaniuliza, 'Dada, unaimba?' Nikamwambia naimba nikifua. Akasema, 'Basi njoo ufue kwetu Jumamosi.' Hebu fikiria ujinga wa mtu huyu!"

Alikwenda. Kwa udadisi tu, anasema, na kwa sababu Jumamosi ile hakuwa na nguo za kufua. Wakampa kipaza sauti na mistari minane. Alipomaliza, alikaa juu ya pipa tupu la mafuta na kulia, mpaka mkata vioo akaenda kununua maji.

"Maisha yangu yote nimepaza sauti ili mtu afanye kitu. Amka, oga, kula, nyamaza. Siku ile nilipaza sauti na hakuna aliyetakiwa kufanya lolote. Wasikilize tu. Nikajisemea, kumbe hii kitu ni yangu pia?"

Shuleni alisema anakwenda kumtembelea binti yake, muuza dawa mjini. Binti alikubali kuwa kisingizio kwa shingo upande. "Mama za wenzangu huficha vitu vya kawaida," anasema. "Wangu alikuwa anaficha mayowe."

Siri ilidumu miaka mitatu. Iliisha kwa neno moja.

Ilikuwa Jumamosi ya matembezi, ile ambayo wasichana wa kidato cha nne huruhusiwa kutoka saa chache kununua sabuni na mahitaji yao. Matroni mwenyewe ndiye aliyewafungulia geti. Mwenyewe ndiye aliyewaonya waende dukani, wasisimame na wavulana, warudi. Wasichana walimtii kwa kiasi. Hawakusimama na wavulana. Waliingia kwenye ghala la magodoro, wakaketi safu mbili za nyuma na sabuni zao mapajani.

Hawakumtambua. Macho yalikuwa meusi, nywele za bandia zilifika kiunoni. Mmoja wao anakumbuka akimwambia mwenzake, "Huyu mama anatisha kama Matroni," na mwenzake akajibu, "Acha uongo, Matroni anatisha zaidi."

Upande wa kwanza wa opera huisha Malkia akisimama juu ya pipa la mafuta, ngumi juu, mji wake ukiwa umetawaliwa na giza la hofu. Anaamuru: "Washeni taa!" Hapo taa zote huwaka kwa mpigo, zikiwemo taa nne za magari zilizoazimwa gereji.

Siku hiyo Malkia alikuwa amechoka. Usiku wa kuamkia hapo alikesha na mtoto mwenye homa. Akapanda, akainua ngumi, akajaza kifua, na kikatoka kile ambacho kifua chake kimezoea kutoa kila siku muda wa kulala ukifika:

"Zimeni taa!"

Fundi wa taa, kijana mtiifu anayeitwa Swichi, alifuata sheria ya kundi. Alizima kila kitu. Ghala likawa giza kama ndani ya godoro.

Kisha kutoka safu mbili za nyuma zikaja sauti za wasichana, kwa pamoja, kwa uchovu na utii mkubwa:

"Usiku mwema, Matroni."

"Hatukukusudia," anaapa mmoja wao. "Mdomo ulijibu wenyewe. Kuna mwenzetu alianza hadi kuvua viatu."

Hakuna aliyesimamisha onyesho. Kanda aligeuza santuri yake gizani, na hakuna aliyeiona. Fundi wa bodi za magari akaanza kupiga ngoma. Wimbo wa kwanza wa upande wa pili ukaimbwa ukumbi mzima ukiwa hauoni kitu, na Matroni, akijua kabisa kwamba ameshaumbuka, akaimba kuliko alivyowahi kuimba.

"Nilikuwa napiga besi kwa kupapasa," anasema mkata vioo. "Yule mama aliposhika noti ya juu, nilihisi sponji ukutani inatetemeka. Mtu hawezi kuimba hivyo kama ana cha kupoteza. Au labda mwenye cha kupoteza ndiye anayeimba hivyo."

Habari zilifika shuleni kabla chakula cha jioni hakijapoa. Jumatatu Matroni akaitwa ofisini kwa mkuu wa shule, mwanamke mwenye miwani na subira fupi.

"Matroni, ni kweli ulivaa koti la ngozi?"

"Kweli, Madamu. Limepasuka kwapani."

"Sikuuliza habari za kwapa. Mtu wa umri wako, unapiga kelele mbele ya watu?"

"Madamu, miaka kumi na mmoja napiga kelele hapa na hujawahi kulalamika."

Bodi ya shule ilikutana katikati ya wiki. Mwenyekiti wake, mfanyabiashara wa saruji, alisema matroni ni kioo cha maadili na kioo hakiimbi roki. Wajumbe waliitika kwa vichwa. Wakampa njia mbili. Asimame mbele ya shule nzima Ijumaa, aseme alikosea na kwamba ameacha. Au ajiandae kupoteza kazi na nyumba.

Nyumba hiyo ndiyo aliyomlelea binti yake. Ukutani bado kuna alama za kalamu zinazoonyesha mtoto alivyokuwa akirefuka. Binti alimsihi akubali. "Nilimwambia, mama, sema tu hayo maneno, ni dakika moja. Akaniangalia kama mtu aliyekuta simu ndani ya mkate."

Ijumaa, ukumbi ulijaa. Mwenyekiti wa bodi alikaa mbele, mikono juu ya tumbo, kama mtu anayesubiri kuletewa chakula alichoagiza. Matroni alipanda jukwaani na gauni lake la kijivu. Kipaza sauti alikisogeza pembeni.

"Nimeambiwa niseme nilikosea," alianza. "Ni kweli. Nilikosea. Mwisho wa upande wa kwanza maneno ni 'Washeni taa.' Mimi nikasema 'Zimeni.' Wenzangu walifanya mazoezi miezi minne, nikawaharibia. Nimelirudia neno lile wiki nzima nikikunja shuka. Halitatokea tena. Kesho nitalisema sawasawa, saa nane mchana, na watu wazima wote mnakaribishwa."

Akashuka.

Hakuna aliyepiga makofi. Kilichosikika ni viatu. Safu ya nyuma ilianza, taratibu, kisigino na soli, kisigino na soli, na safu nyingine zikapokea hadi sakafu ikawa inavuma. Mwenyekiti alisimama, akakaa, akasimama tena. Mkuu wa shule alikohoa kwa muda mrefu akiwa ameinamisha uso, na mashahidi wawili wa safu ya mbele wanashikilia kwamba kile hakikuwa kikohozi.

Kabla ya chakula cha mchana mwenyekiti alikuwa ametangaza kwamba nyumba za shule zina masharti. Matroni hakubishana. Alitoa funguo za nyumba mfukoni, akaziweka mezani mbele ya mwenyekiti.

"Nyumba ni yenu, chukueni," anasema alimwambia. "Lakini kazi sijaacha. Mkitaka kunifukuza, nifukuzeni kwa kazi. Semeni mtoto aliumwa nikalala. Semeni shuka zilipotea. Mkikuta hata moja imepotea, nitaondoka mwenyewe."

Jumamosi alilisema neno sawasawa. Wanaojua wanasema taa zilipowaka, mbwa wa gereji alikimbilia mtaa wa pili. Katikati ya watazamaji alikuwepo mwanamke mmoja mwenye miwani, ambaye alilipa kiingilio, akasikiliza wimbo wa nne wote bila kujikuna, na akaondoka bila kusalimia mtu.

Bodi itaamua suala la ajira muhula ukifungwa. Hadi hapo Matroni anaripoti kazini kila siku kabla jua halijachomoza, akitembea kutoka kwa rafiki yake alikohifadhi masanduku. Hana akiba ya kutamba nayo. Mgawo wake wa onyesho lile ulitosha soli mpya za buti na chai ya watu wawili, na kodi ya chumba chochote itakula zaidi ya theluthi ya mshahara ambao hajui kama ataendelea kuupata.

Binti yake alimwita wakaishi pamoja. Alikataa. "Mkwe wangu mtu mzuri sana, lakini anafanya kazi usiku, analala mchana. Nikianza mazoezi nitavunja ndoa ya mwanangu kabla ya wimbo wa tatu."

Anachotaka, anasema, si kuwa nyota. Anataka vyote viwili: korido asubuhi na jukwaa Jumamosi. Kundi limeanza kuandaa albamu nyingine, ya nyimbo kumi na mbili, na amepewa sehemu ya nahodha wa meli ambaye mabaharia wote wamemkimbia. "Watu wanadhani lazima nichague. Mbona wao wanauza saruji na bado wanakaa kwenye bodi?"

Wiki hii amekwenda kuangalia chumba nyuma ya karakana ya useremala. Dirisha moja, mlango wa bati, bomba uani. Hakuuliza kuhusu maji wala choo. Alimuuliza mwenye nyumba swali moja, kama anaruhusu kelele.

"Kelele gani, mama?" mzee akauliza.

Akaweka mkoba chini, akamwonyesha kwa mistari ya kwanza ya nahodha wake.

Randa zilinyamaza karakana nzima. Upande wa pili wa ua dirisha likafunguliwa, na sauti ya mwanamke asiyeonekana ikauliza kwa nini ameishia hapo, na nahodha amefanywa nini.