Weupe Uliosifiwa Ujiji

Wiki iliyopita dada wa mtu niliyemfahamu kazini alinipigia simu na, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulia mpaka akamaliza, akaniarifu kwamba kaka yake amefariki na wamekwisha kumzika Ujiji. Kifua kilimbana, alisema. Siku za karibuni kila chakula kilikuwa kikimpalia. Nilimpa pole, kisha nikaanza kujiuliza jambo ambalo pengine halipaswi kuulizwa saa ya msiba: marehemu alikuwa nani kwangu? Hakuwa ndugu. Hakuwa hata mmoja wa wahusika wa utafiti wangu wa shahada ya uzamili, kwa maana mimi nachunguza umanjano wa watoto wachanga, ambao naomba wasomaji wangu msiuchanganye na homa ya manjano inayoenezwa na mbu, naye alikuwa mtu mzima mwenye ndevu. Lakini katika wote niliokutana nao tangu nianze kazi hii, ni yeye ninayemwona nikifumba macho.

Mara ya kwanza nilimkuta kwenye soko la samaki la Katonga, ameketi juu ya kreti mbele ya dagaa wa mama yake walioanikwa. Kazi yake ilikuwa kufukuza kunguru. Mikono yake ilijinyonganyonga bila kutumwa, shingo ikimvuta upande mmoja, na maneno yalimtoka kwa kukokotwa. Alisikia kwa shida, hivyo aliitazama midomo ya mtu kama anayesoma. Macho yake hayakuweza kuangalia juu mpaka akiinue kichwa kizima. Wachuuzi walimtania naye akawarudishia. "Bwana mkubwa, leo kunguru wamekushinda!" mmoja alimpigia kelele. "Yewe! Kunguru wananiogopa," akajibu. "Wanaomaliza dagaa wa Mama ni nyinyi mnaoonja bila kununua." Wakacheka wote, naye akanigeukia: "Unaona, dada mtafiti? Mikono haitulii, nikapewa kazi inayotaka mikono isiyotulia. Mungu ana mpangilio."

Aliniuliza ninatafuta nini kwa watoto wachanga. Nikamweleza, pengine kwa kirefu mno, kwamba chembe nyekundu za damu zinapovunjika hutoa rangi ya manjano. Kwamba ini la kichanga huwa bado halijakomaa kuiondoa. Kwamba kwa watoto wengi rangi hiyo hupungua yenyewe, lakini kwa wachache huzidi hadi ikaingia kwenye ubongo na kuharibu sehemu zinazotawala misuli na usikivu. Aliitazama mikono yake. Kisha akauliza, "Mtoto wa namna hiyo, mtu asiyejua akimtazama, ataona nini?" Nikajibu kwamba kwenye ngozi kama zetu huenda asione manjano, ataona tu ngozi imekuwa nyeupe kuliko ilivyotarajiwa. Hapo alicheka kicheko ambacho sijui nikiweke wapi. Mama yake, alisema, alikuwa na hadithi moja aipendayo kuliko zote: kwamba mwanawe alizaliwa mweupe, mweupe hasa, hata wanawake wakatoka Kasingirima kuja kumtazama, wakisema kamfuata babu wa babu, Mwarabu aliyekuja na misafara. "Kumbe walikuja kutazama ugonjwa," akasema. "Nilikuwa mzuri siku chache, dada. Wengine hawapati hata hizo." Halafu akaacha utani. "Usimwambie Mama. Hiyo ndiyo kumbukumbu yake ya pekee ambamo mimi ni mzima."

Nilimwahidi. Na kwa kuwa nina tabia ya kulipima neno mpaka lichakae, nilijipatia sababu za kitaalamu za kuitunza ahadi ile. Sikuwa na kipimo chochote cha damu yake ya uchangani. Nilichokuwa nacho ni dalili za mwilini na simulizi ya mzazi. Utafiti huzungumza juu ya watoto wengi kwa pamoja, hauwezi kuapa juu ya mmoja. Yote hayo ni kweli. Lakini ni kweli pia kwamba vitabu vingi tunavyosomea vimeeleza umanjano kama unavyoonekana kwenye ngozi za watu wengine, na kwamba kwetu sisi, tuliorithi kuushangilia weupe, ugonjwa huu huingia nyumbani ukapokelewa kwa vigelegele. Methali ya uzuri wa mkakasi tunaijua sote, ila tumezoea kuwasema nayo wachumba na wanasiasa. Nani angethubutu kuitamka juu ya kichanga?

Nilipofika Ujiji matanga yalikuwa hayajaanuliwa. Nilimwamkia mama wa marehemu, akaniitikia na kunivuta niketi kando yake mkekani, miongoni mwa wanawake. Upande wa pili aliketi binti yake, yule aliyenipigia simu, na tumbo lake likionyesha kwamba siku za kujifungua zimekaribia. Mama alianza kusimulia habari za marehemu mwanawe, na kama nilivyohofia, akafika kwenye weupe. "Kama hariri," alisema. "Majirani wakagombania kumpakata." Kisha akaweka kiganja juu ya tumbo la binti yake. "Mungu atanirudishia. Atakuja na rangi ileile ya mjomba wake." Binti akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu niingie. "Amina, Mama," akasema. "Nikimwona hivyo nitajua ni yeye."

Hapo ahadi ikanishinda. Nilimshika Mama mkono na kumwambia yote, pole pole, pamoja na mashaka yangu: kwamba siwezi kuapa, lakini weupe ule huenda ndio uliokuwa ugonjwa wenyewe, na kwamba mtoto akionekana hivyo apelekwe hospitali siku hiyohiyo, akapimwe damu na kuwekwa chini ya taa maalumu ikibidi, wala wasiridhike na kumwanika juani asubuhi. Wanawake waligeuka kututazama. Mmoja akanong'ona, "Mbele ya msiba jamani!" Mama hakumjali.

"Yeye alijua?"

"Alijua, Mama."

"Akakuambia unifiche?"

"Ndiyo."

Midomo yake ilitembea kama ya anayehesabu tasbihi isiyokuwapo. Nilingoja anifukuze, na nadhani ningeondoka kwa nafuu. Badala yake alimgeukia binti yake. "Umesikia? Ukijifungua, mtu yeyote akimsifu mtoto kwa weupe, mbebe uende hospitali. Usingoje. Hata msifiaji nikiwa mimi."

Sijui nilimwachia nini mama yule jioni alipobaki peke yake na hadithi yake, wala sina mizani ya kupima kama marehemu angenisamehe. Ninachokijua nawaachia ninyi mnaokwenda kuwapongeza wazazi. Msogezeni mtoto kwenye mwanga. Angalieni weupe wa macho yake, fizi, viganja na nyayo. Ulizeni kama ananyonya vizuri na kama anaamshika. Mkiona umanjano, semeni, hata kama nyumba nzima inashangilia. Sifa zinaweza kungoja mpaka mtoto arudi kutoka hospitali.