Kabila la Frank

Juzi, kwenye ghala ninakofanya kazi huku mjini Garland, nilimwona dereva aliyeshonewa jina langu kwenye shati, kifuani: Frank. Nikaikumbuka alasiri moja ya utotoni, Houston.

Tulikuwa tumehamia mtaa wa Gulfton, mimi na mama tu. Mwalimu alituambia tutafute asili ya majina yetu. Kitabu cha maktaba kilisema langu limetokana na Wafranki, kabila la Kigermanik la Ulaya ya kale. Neno "kale" nililiruka. Nilielewa tu kwamba nina kabila, tena kubwa. Nikakaa dirishani, harufu ya vitunguu vya jirani ikipanda, nikiwachunguza watu walioshuka kwenye basi.

Mama alirudi kutoka kazini akinukia sabuni ya hospitali.

"Mama, ndugu zetu Wafranki wanakaa wapi?"

Alivua viatu taratibu. "Frank tuliyekupa jina lake alikuwa rafiki wa baba yako. Alitupokea mimi na baba yako kule Dodoma wakati hatuna mtu."

"Atakuja?"

"Alifariki kabla hujazaliwa, mwanangu."

Leo najua Wafranki walikwisha zamani sana. Siku ile nilichukua penseli, nikaandika kwamba kabila langu lina watu wawili: mimi na Frank wa Dodoma.