La Chini Hurushwa Juu

Mama muuza kuku wa soko moja la Hue, Vietnam, humwita mtoto wa mbwa wa Thoa "sura mbaya", maana shetani akisikia sifa humbeba. Kila asubuhi humshikia shingo mbichi ya kuku, aitafune taratibu kwa fizi zinazomwasha. Siku Thoa alipoleta mfupa wa supu, mama huyo aliupokonya. "Uliopikwa huvunjika ukawa sindano, binti! Utamtoboa utumbo!" Leo shingo imetoka na damu, jino dogo limenasa ndani. Thoa akashtuka, yule mama akacheka tu.

"La juu au la chini?"

"La chini."

Akalifuta kwenye aproni, akalirusha juu ya paa la bati, kama arushavyo la mwanawe, ili jipya liote kuelekea juu. "Panya, tubadilishane!" Kisha akambusu mbwa puani. "Mzuri wewe!" Papo hapo akajiziba mdomo, akaangaza huku na huku.

"Mbaya!" akapaza sauti, soko zima lisikie. "Mbaya kama fenesi!"